Nyayo Kwenye Nyanya za Wifi

Mama Miche hakuwa mtu wa kushuku watu, alisema mwenyewe, ila wifi yake alimshuku tangu jua linachomoza mpaka linazama. Jina la Mama Miche alilipata kwa kazi: miaka kumi na minane akiotesha miche ya nyanya, na wakulima waliapa kwamba mche wa mkono wake haukatai ardhi. Alikuwa mjane, na wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, alikuwa jirani yake, mashamba yao yakitenganishwa na kijia cha kupita mtu mmoja.

Balaa lilianzia kwa wifi. Nyanya zake zilidumaa, majani yakajikunja na kuwa manjano pembeni, maua yakapukutika. Wifi akaja mlangoni, akauliza kwa upole tu, "Wifi, ile miche uliyonipa ilikuwa mizima kweli?"

Swali hilo lilimkwama Mama Miche kooni kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo kila kitu cha wifi kikawa na maana ya pili. Akisalimia, amesalimia mno. Akinyamaza, ana lake jambo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alijisemea. "Huyu kaharibikiwa, sasa anataka tulie wote."

Ndipo akaanza upelelezi. Kila alfajiri alivaa sweta la njano aliloachiwa na mumewe, akavuka kijia, akapenya katikati ya nyanya zile mbovu akipekua majani, akitafuta kichupa cha sumu, kifundo cha kitambaa cha uchawi, chochote. Hakupata kitu, na kukosa huko kukamzidishia shaka, maana mwovu mwenye akili haachi alama. Akitoka hapo aliingia moja kwa moja kwenye kitalu chake kumwagilia. Kilikuwa kibanda cha chandarua chenye matundu madogo mno, na ufunguo wake aliuning'iniza shingoni. Humo mlikuwa na miche ya wakulima kumi na mmoja. Ikiharibika hiyo, jina lake limekwisha.

Baada ya mwezi na siku kadhaa, miche ya karibu na mlango ikajikunja.

Mama Miche akamwita bwana shamba. Akamwita na wifi, aumbuke mbele ya shahidi.

Bwana shamba aligeuza jani, akalitikisa. Vikaruka vidudu vyeupe, vidogo kama chembe za unga. "Inzi weupe hawa. Wananyonya utomvu wa mmea mgonjwa, wakihamia kwenye mzima wanauachia virusi. Mmea ukishaupata ugonjwa huu, dawa hakuna. Ni kung'oa."

"Na nani kawaleta?" Mama Miche aliuliza, macho kwa wifi.

"Nani anaingia humu?"

"Mimi peke yangu. Ufunguo huu hapa."

Bwana shamba aliushika mkono wa sweta alilovaa na kuugeuza. Kwenye sufu walikuwamo wanne, watano, wametulia kama wako kwao. "Hawa wanapenda njano kupita kiasi. Sisi tunawanasa kwa vibao vya njano vilivyopakwa gundi. Mama, kabla ya kuingia humu asubuhi huwa unapitia wapi?"

Mama Miche alitafuta uongo, akakosa uliomtosha.

Wifi ndiye aliyejibu. "Anapitia kwangu. Nyayo zake naziona kila siku." Akamgeukia. "Nilimwambia mume wangu, wifi nimemuudhi kwa lile swali, na bado anaamka alfajiri kuja kuziangalia nyanya zangu. Nilikuwa natafuta siku nije nikuombe radhi."

Mama Miche alivua sweta, akalitoa nje, akarudi na gunia. Alipiga magoti akaanza kung'oa. Wifi naye akapiga magoti upande wa pili wa tuta, akang'oa pamoja naye. Mama Miche hakuinua uso, kwa sababu hakujua atamwambiaje alichokuwa anakitafuta kule.