Nilivyotafsiri Sinema ya Muuaji pale Manyamanyama

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana Bunda nzima inaijua na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vimeanza kurudi madukani baada ya kupangiwa foleni hadi sabuni, na mfanyabiashara mmoja akaleta video na jenereta pale Manyamanyama, akaziba madirisha ya ghala kwa magunia ya pamba, basi kila Jumapili baada ya misa tunajazana humo kama dagaa.

Sinema zilikuwaga za Kiingereza, kwa hiyo Mafuru, fundi redio, alikuwaga anasimama pembeni ya televisheni na fimbo yake akitutafsiria. Mafuru alinikera! Nina cheti cha kidato cha nne, nina mtoto mgongoni, mume yuko kisiwani Rukuba anavua sangara na harudi mpaka apende, nakaanga maandazi mpaka nywele zinanuka mafuta, halafu nikae nimsikilize mtu anayetafsiri maneno hamsini kwa maneno matatu. Na Jumapili hiyo nilikuwa na jambo zito moyoni: Sista Konsolata, aliyekuwa anafungua shule, alisema wiki hiyo atanijibu kama ananiajiri kufundisha Kiingereza. Sista mwenyewe alikaa benchi la mbele (naye ni binadamu, anapenda sinema).

Sinema ilikuwa ya kuchekesha. Tajiri kafa mezani kwenye harusi ya binti yake, uso ndani ya keki, na ndugu wote wamefungiwa ndani ya jumba mpaka ajulikane aliyemtilia sumu: mjane, shangazi mlevi, daktari, mpishi, bwana harusi, pamoja na inspekta mnene ambaye kila akimhoji mtu anamlia chakula chake. Mafuru akasema, "Hapa wanasalimiana." Mdomo ukanitoka: "Uongo!"

Watu wakageuka. Mafuru wala hakukasirika, akaninyooshea fimbo. "Karibu dada, msomi apite mbele."

Ningeweza kusema mtoto analia. Lakini Sista naye kageuka ananitazama, nikapita, nikaipokea ile fimbo.

Mwanzoni nilijikaza, ila baadaye wale watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, wanameza maneno, nikawa sishiki kitu zaidi ya "yesi" na "noo". Nikaanza kutunga. Ndipo bwana harusi akamkumbatia mama mkwe wake, akambusu shavuni! Jamani, kwetu mkwe ukimwona njiani unachepuka, hata macho hamkutanishi, sembuse kukumbatiana na maiti iko sebuleni. Ghala lote likaguna.

"Huyo si mama wa mkewe?" akauliza Bibi Nyamisi, jirani yangu.

"Ndiye, bibi," nikasema, na hapo nikapata nguvu za ajabu, maana hata bila Kiingereza muuaji nimeshamjua. "Anamwambia, mama, mzee nimeshammaliza, tukimbie."

"Shetani mkubwa!" mtu akapayuka.

Tangu hapo kila yule kijana alipofungua mdomo nikamtilia dhambi nyingine, watu wanamzomea, mimi natamba na fimbo, mtoto anarukaruka mgongoni. Mwisho ukafika. Bwana harusi akasimama katikati ya ndugu wote, akatoa kitambulisho cha polisi, akatoa pingu, akamfunga daktari, na kichupa cha sumu kikaanguka kutoka kwenye soksi ya daktari. Hata mwanangu wa miezi minane alielewa.

Kisha Bibi Nyamisi: "Mama Nyangeta, huyu si alisema mwenyewe kwamba ameua?"

"Eeh... alibadilisha mawazo."

Hilo ndilo jibu nililotoa! Ghala likapasuka kwa kicheko. "Cheti kirudishwe!" wakapiga kelele. Natafuta mlango siuoni, machozi yananilenga, na Sista kajifunika uso kwa kitambaa.

Mafuru akapanda juu ya kreti la soda. "Tulieni! Sinema kama hii mkitajiwa muuaji mapema utamu umekwisha. Dada kawapoteza makusudi. Nani humu alimdhania daktari?" Hakuna mkono. "Basi mpigieni makofi." Wakapiga, wallahi, wakapiga!

Sista hakupiga. Nje akaniuliza, "Yule kijana alimwambia nini mkwewe?"

Ningeweza kutunga tena. "Sijui, Sista."

"Hilo ndilo nililotaka kulisikia tangu uliposhika fimbo," akasema. Darasa la Kiingereza hakunipa. Alinipa chekechea, na kila siku wadogo wakishaondoka nikae dawati la nyuma kwenye darasa la wakubwa, nijifunze nao. Nilikasirika usiku mzima, asubuhi nikaenda nimeshafua sketi.

Nikapita kwa Mafuru kumwomba msamaha. Akacheka. "Dada, mimi Kiingereza sijui hata salamu. Natazama nyuso tu. Nikishindwa nasema, hapa wanaongea mambo ya kwao."

Mwanaume niliyemwita mwongo mbele ya watu ndiye aliyeninusuru, na hakunidai hata andazi. Namshukuru mpaka leo, na nimeapa: hasira zangu siziachi, ila kunyakua fimbo ya mwenzangu, sirudii. Na watoto wa chekechea wakiniuliza nisichokijua, nawaambia sijui, na wananipenda vilevile.