Vitabu Juani

Ilikuwa majira yangu ya kwanza ya kuchipua Birmingham. Nikitoka kazini mtaa wa Kings Heath, siku jua lilipowaka sawasawa, niliona boksi la vitabu juu ya ukuta mfupi wa nyumba moja. Nikajua vimeanikwa. Kwetu, mvua zikiisha, hata magodoro hutolewa nje.

Nikavipekua. Kulikuwa na riwaya nene, za aina ambayo shuleni tulipokezana darasa zima mpaka kurasa zikachomoka. Nilikuwa nimezama ukurasa wa pili matone yalipoanza. Mwenye nyumba hakutokea. Nikakasirika: mtu anaanikaje vitabu halafu anavisahau? Nikalikumbatia boksi, kama tunavyookoa mahindi ya jirani, nikagonga mlango.

Mzee mmoja wa Kizungu akafungua. Nikamwambia vitabu vyake vinalowa. Akanitazama, akalitazama boksi, akasema taratibu kwamba aliviweka pale vichukuliwe na yeyote apitaye.

“Vyote?”

“Vyote.”

Nikavua koti, nikavifunika. Njia nzima hadi nyumbani nilikuwa nageuka nyuma, nikingoja kuitwa mwizi.