Springi Alizozichagua Euphrasia

Aliyemwita Euphrasia muuaji alikuwa bosi wake mwenyewe, tena mbele ya wateja, katika gereji aliyoitumikia miaka tisa pale Ngokolo.

Ilikuwa hivi. Maganga, mnunuzi wa dhahabu wa Nyarugusu, alileta gari yake, Mark II, akitaka ishuke chini, ikae kama gari za vijana wa mjini. Mwenye gereji, Edson, akaona kuagiza springi fupi ni kujichelewesha. Akazichukua zile zile za gari, akazikata mzunguko mmoja na nusu kwa moto wa gesi.

"Bosi, springi ikipigwa moto inakufa," Euphrasia alimwambia. "Hizi zitakatika."

"Wewe funga nati."

Akafunga. Siku ya kumi na mbili springi ya mbele kushoto ilikatika kwenye mteremko, gari likaacha barabara, na Maganga akatoka hospitali mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Edson hakusita. "Huyu mama ndiye aliyefunga," alisema. "Muuaji mkubwa." Akamfukuza kazi siku hiyo hiyo.

Neno hilo lilimtangulia kila alikokwenda. Kahama walimkataa. Isaka, kwenye malori, wakamwachia kuziba pancha tu. Hasira yake ilikuwa kama jino bovu: alikula, alicheka na watu, lakini ulimi ulilirudia kila mara.

Mwaka wa tatu akapanda basi hadi Nyarugusu.

"Shikamoo, Baba Rebeka."

Maganga hakuitikia. "Una ujasiri wa kuja kwangu?"

"Nina kitu cha kukuonyesha kwenye gari lako. Ukishakiona, nifukuze."

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Euphrasia aliingia uvunguni, akatoka na kipande cha springi iliyokatika. Karibu na ncha chuma kilikuwa na rangi ya bluu iliyofifia, mahali moto ulipopita, na ufa ulikuwa umeanzia hapo hapo.

"Pale gereji anayeshika gesi ni mtu mmoja tu. Mimi sikuwahi kuruhusiwa."

Maganga alikigeuza kile chuma mkononi kwa muda mrefu. "Nilipotoka hospitali nilikwenda kumshukuru Edson," alisema taratibu. "Nilimshukuru kwa kukufukuza." Kisha akauliza, "Twende polisi?"

"Polisi baadaye. Kwanza nataka ashindwe pale anapojivunia."

Kila mwaka Edson alishinda mbio za mita mia nne kwenye uwanja wa ndege wa zamani nje ya Geita, ambako magari hushindana mawili mawili, moja kwa moja, bila kona. Sharti ni moja: gari lije kwa magurudumu yake na lirudi kwa magurudumu yake. La kubebwa kwenye lori halikubaliwi. Kwa hiyo gari la Maganga lilipaswa kwenda kasi kwenye lami na pia kuvumilia mashimo ya barabara ya Nyarugusu.

Mafundi wengi huchagua springi kwa kuukodolea macho unene wake. Euphrasia, baada ya kulitengeneza gari, alilipeleka kwenye mzani wa kiwanda cha pamba, akapima magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Mbele kilo mia nane na tano, nyuma mia sita. Ndipo akaanza kutafuta.

Springi ngumu za pikapu alizijaribu kwanza. Gari likang'oka kwa kuruka, matairi ya nyuma yakazunguka bure, na njia nzima Maganga alilalamikia mgongo. Akafunga laini kabisa. Hapo pua iliinuka vizuri, uzito ukalalia nyuma, matairi yakashika; lakini kwenye shimo la kwanza tumbo la gari lilipiga chini kwa kishindo.

"Hizi ni za uwanjani tu," alisema akiwa amelala kwenye vumbi. "Tungefika Geita bila sampo, oili yote imemwagika njiani."

Za tatu alizipata kwa muuza vyuma chakavu Isaka, zimetoka kwenye gari lenye injini nzito zaidi. Zilikuwa ndefu, waya wake wa wastani, na kuzifunga ilibidi azibane sana. Msukumo ule uliobanwa ndio alioutaka: mguu ukigusa mafuta, unyanyue pua mara moja, na barabarani urefu wake ulinde tumbo. Nyuma aliweka ngumu kidogo, gari lisikalie makalio.

Siku ya mbio Edson alipoliona alicheka. "Mbona limesimama kama mbuzi? Na muuaji ndiye dereva!"

Euphrasia alishika usukani. Bendera ilipoanguka, gari la Edson, lililolala chini na gumu kama jiwe, lilibaki linazungusha matairi bure na kufuka moshi. La Euphrasia liliinua pua, likakaa, likaondoka. Alimwacha kwa urefu wa magari matatu.

Edson akaja anapiga kelele kwamba ameibiwa, gari likaguliwe.

"Yakaguliwe yote mawili," Maganga alisema, na akawasogezea waamuzi jeki.

La Euphrasia halikuwa na kasoro. Uvunguni kwa Edson springi zilikuwa zimekatwa kwa gesi, ncha zina bluu. Maganga akasimama kando ya gari hilo, akavuta suruali watu waone mguu. "Hivi ndivyo nilivyofungiwa mimi."

"Nani alikata zile za Maganga?" Euphrasia aliuliza.

"Mimi," Edson alisema.

"Hawajasikia."

"Nilikata mimi!"

Euphrasia alimrudishia swali hilo mara ya tatu, ingawa kila mtu alikuwa amesikia, kwa sababu alikuwa anafurahia.

Kesi ya Maganga dhidi ya Edson iko mahakamani sasa, na Euphrasia ana gereji yake Ngokolo. Wateja wamehamia kwake. Juzi alikuja Noela, mke wa Edson, akasimama mlangoni.

"Mama Fredy, mume wangu halali, wala hali chakula. Mwambie tu yameisha."

"Aje mwenyewe."

"Anaona aibu."

"Mimi niliona miaka mitatu." Euphrasia akamsogezea kiti, akampa maji, kwa kuwa Noela hakuwa na kosa. Lakini msamaha wa kumpelekea mumewe hakumpa. Noela alipomaliza maji na kuondoka, Euphrasia alirudi uvunguni mwa gari la mteja, na kwa kujua kwamba Edson halali, moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko alivyopenda kukiri.