Kidonge cha Mwisho cha Kasha la Bibi

Harufu ya kasha la bibi bado huniijia nikilala mchana: naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, pamoja na udi. Bibi alipofariki, mamangu alilifunga kasha na ufunguo akauvaa shingoni. Ndani mlibaki leso zake na kidonge kimoja kilichokonda kikawa kama kunde. Naftalini haiyeyuki kwanza ikawa maji, huenda zake hewani moja kwa moja.

Nami nilikitaka hicho hicho. Nilikuwa nasomea shahada ya pili pale chuoni Buxton, kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Kazi yangu ilikuwa kuigeuza naftalini mvuke, kuipiga kwa elektroni mpaka inyang'anywe elektroni zake mbili, kisha kuinasa kabla haijapasuka. Molekuli yenye chaji mbili, mashine huiona kwa nusu ya uzito wake. Naftalini nyingi ina uzito wa mia moja ishirini na nane; zile chache zenye kaboni nzito, za mia moja ishirini na tisa, huangukia sitini na nne na nusu, na vipande vya kawaida, vyenye chaji moja, havikai kwenye nusu. Mwalimu wangu alishachoka: nisipomwonyesha mstari huo kufikia Alhamisi, mada ibadilishwe, mwaka wangu mzima upotee bure. Naftalini niliyoagiza ilikuwa bado haijafika bandarini Kilindini. Ya dukani nayo, mashine iliikataa papo hapo. Siku hizi vidonge vingi ni dawa nyingine kabisa.

Mamangu alinipa kidonge ndani ya kitambaa. Nikakwangua unga kidogo, nikautia mashineni. Lo! Kioo kikajaa mistari kama miba ya samaki. Nikakinusa kidonge: udi mtupu. Nikampigia simu nikafoka.

"Mama, umekifanya nini?"

"Nimekifukiza, mwanangu. Kitu cha bibi yako kitatokaje nyumbani hivi hivi?"

Nikamkatia simu. Mpaka leo naona haya.

Siku mbili nilisafisha mashine. Alhamisi asubuhi nikachukua wembe, nikaondoa ngozi yote yenye moshi, kikabaki kiini kidogo kuliko punje ya mchele. Nikakitia chote.

Mashine ikavuma taratibu, chumba kikawa kama kimesinzia. Nikaongeza nguvu ya elektroni. Pale kwenye nusu, mstari mwembamba ukainuka. Nikapunguza nguvu, ukazama, nikaongeza, ukarudi. Wallahi nililia.

Nilirudi Mji wa Kale nikihisi sikanyagi chini. Mamangu alikuwa ameketi kando ya kasha wazi, leso ya bibi mapajani.

"Nisamehe, mama."

"Yamekwisha. Umeiona hiyo molekuli yako?"

"Nimeiona."

"Hukaa muda gani?"

"Haikai, mama. Hata kupepesa jicho ni muda mrefu."

Akaizika pua ndani ya leso, akavuta pumzi, akanipa.

"Hebu nusa wewe. Mimi siisikii tena harufu yake."

Nikanusa kwa nguvu zangu zote. Hapakuwa na kitu.

"Ipo, mama," nikamwambia. "Ipo."