Boga Lililobebwa Mgongoni

Leo kwenye soko la nguo la Shahe nimefungua furushi, harufu ya kitambaa kipya ikanijaa puani, nikalikumbuka lile boga. Sijui kama nakumbuka sawasawa. Nilikuwa mdogo, na tuliishi hapahapa Guangzhou.

Mama alilinunua alipike jioni, akatukataza, mimi na mdogo wangu, kushika kisu. Basi tukalivika kama mtoto. Vipande vya sampuli za vitambaa alivyouza Mama vikawa kilemba, vifungo tukavibandika kwa gundi vikawa hereni. Macho aliyachora mtoto wa jirani, Mchina, si mimi; haki yake nisimnyime. Mdogo wangu akalibeba mgongoni kwa kanga, akawa analibembeleza huku na huku.

Mama akatoka jikoni na kisu. "Haya, leteni boga langu, maji yanachemka."

"Shh!" mdogo wangu akasema, machozi yakimlengalenga. "Mama, ndiyo kwanza amelala."

Mama akamtazama, akalitazama boga, akaficha kisu nyuma. "Kumbe nina mjukuu!" akasema polepole. "Basi akiamka mniite."

Tulikula wali na mchuzi wa nyanya. Nisiseme uongo, baba alinung'unika. Lakini hata yeye alinung'unika kwa kunong'ona.