Maneno Matatu ya Min Ouma

Mwanangu, nakumbuka Ijumaa moja ambayo ziwa letu lilikuwa halina maji. Yalikuwapo, bila shaka, lakini hayakuonekana. Miaka ile ya mwisho ya tisini magugu maji yalifunika ghuba ya Homa Bay hadi mtu aliyesimama kilimani angeapa kwamba anatazama malisho ya ng'ombe. Upepo ukigeuka, malisho hayo yalianza kutembea. Visiwa vya kijani vyenye maua ya zambarau vilipita polepole mbele ya dirisha, na ndege weupe wamesimama juu yake kama abiria.

Mimi nilikuwa ndani, nimekaa mbele ya kompyuta ya shangazi yangu, nikitazama nje zaidi kuliko nilivyotazama kazi yangu. Na saa ilikuwa inahesabu.

Nakusimulia hili kwa sababu jana nilikusikia ukilalamika kwamba bando la nyumbani limekwisha kabla ya mwezi kufika katikati, na hujui limekwenda wapi. Mimi najua linavyokwenda. Kaa hapa kidogo.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huo, na kazi sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho kwa wingi ni mawazo. Nikitumwa chumvi, nilisimama dukani nikifikiri kama walitaka ya mawe au ya unga, na wakisema ya unga nilifikiri kama walimaanisha. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Waliniona mimi kabla sijazaliwa.

Nilikaa kwa dada wa baba, ambaye sisi Waluo humwita Waya. Waya alikuwa karani mstaafu, Msabato wa kweli, mwanamke wa maneno machache na viatu vilivyong'aa. Binti yake aliyekuwa ng'ambo alikuwa amemtumia kompyuta, pamoja na kile chombo kidogo cha kuiunganisha na simu, modemu. Katika mtaa wetu hapakuwa na nyingine. Kwa hiyo, kama ilivyo desturi yetu, kitu kikiwa kimoja huwa cha wote. Aliyekuwa na mtoto Uingereza alileta barua yake kwa Waya. Aliyekuwa na ndugu Afrika Kusini alileta yake.

Kampuni moja ndogo ya Kisumu ilimuuzia Waya saa kumi za intaneti kwa mwezi. Zikiisha, mlango unafungwa mpaka mwezi mpya, au mpaka uende mwenyewe ofisini kwao na fedha mkononi. Na juu ya hayo simu yenyewe ilitozwa kwa dakika, kwa kuwa kuipiga Kisumu kulihesabiwa kuwa simu ya mbali. Waya alizitunza saa zile kumi kama maji ya kiangazi. Aliandika barua zote kwanza, laini ikiwa imefungwa. Akazisoma, akazipanga. Ijumaa alasiri, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, alifungua laini, akazituma zote, akapokea zilizokuja, akafunga. Dakika sita. Zikizidi, saba. Mwezi ulikwisha saa nyingi zikiwa zimebaki, naye alilala usingizi.

Sasa, jirani yetu alikuwa Min Ouma, yaani mama yake Ouma. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, alizoletewa kutoka Muhuru Bay, ambako ndiko kwao. Ouma, mwanawe wa pekee, alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma baada ya kugombana na babake na kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Tangu siku ile, kimya. Baba akafa, mtoto hakuja kuzika. Hata hivyo, kila mwaka Min Ouma alirudi Muhuru Bay kuezeka upya kibanda cha ujana cha mwanawe, kile tunachokiita simba. Watu walimcheka. Kibanda kisicholala mtu, unakiezekea nani? Alijibu kwamba mvua haiulizi.

Ijumaa moja ikaja barua ya Ouma kwenye kompyuta ya Waya. Alikuwa Botswana, akifanya kazi katika ofisi ya kanisa. Aliandika kwamba mtu wa mtaa wetu aliye Afrika Kusini amempa anwani ya Waya, na kumwambia kwamba babake hayupo tena. Kazi yake pale inakwisha Ijumaa ijayo, na baada ya hapo hana anwani. Mwisho aliuliza swali moja: *Mama, naweza kurudi?*

Sabato ilipokwisha, Jumamosi jioni, Waya alimsomea Min Ouma barua ile. Yule mama alikunja mikono mapajani, inanuka samaki na sabuni. Kisha akanigeukia mimi niliyeshika kalamu.

"Andika," akasema. "Njoo. Sina hasira. Simba yako haivuji."

Nikayaandika.

"Hayo tu?" nikauliza.

"Kwani ameuliza mangapi?"

Kesho yake Waya alisafiri kwenda Kehancha kwenye makambi ya kanisa, wiki nzima. Kabla hajaondoka alinionyesha barua za majirani, akaweka ya Min Ouma juu. "Owiti, hii itume leo. Zingine zingoje Ijumaa. Ukimaliza, funga laini."

Mwanangu, ningeituma siku ile, nisingekuwa na hadithi ya kukupa.

Niliichapa. Ikatokea kwenye kioo, mistari mitatu mifupi, na weupe mwingi chini yake. Nikaiona kavu. Nikafikiri, mtu aliyepotea miaka miwili anatumiwa maneno haya? "Njoo" haiwezi kusikika kama amri? Akisoma "sina hasira", si atajiuliza kwa nini hasira imetajwa? Na mimi mwenye digrii, nimekaa hapa, nitamwacha mama wa watu atume kitu kama orodha ya dukani?

Nikaanza kuitengeneza.

Ili niitengeneze vizuri, nilitaka kuona namna watu wengine wanavyoandika barua za msamaha. Nikafungua laini. Unaijua sauti ya modemu? Huijui. Ililia kama mlango mkavu, kisha ikachemka kama birika, kisha kimya, na katika kimya hicho uliambiwa kwamba dunia imefunguka. Kurasa zilishuka mstari kwa mstari. Picha moja ya daraja juu ya mto ilichukua muda wa kunywa chai. Sikujali. Nilikunywa chai. Nilitazama ukurasa ukishuka na nje magugu yakipita, na kuna wakati sikujua ni kipi kinachotembea, dirisha au ziwa au mimi. Zilikuwa siku za ajabu. Nilijisikia kama mtu anayeota huku akijiona anaota.

Na laini niliiacha wazi, saa mbili hivi kila siku, muda wote niliokaa kuandika. Hapa ndipo penye kosa langu, na uliangalie vizuri. Nilikulia kwenye simu za maandishi za posta, telegramu. Posta walihesabu maneno. Ukiandika maneno kumi unalipa kumi, na ukikaa kwenye benchi lao siku nzima ukifikiri neno la kumi na moja, hakuna anayekutoza. Nikaamini na mtandao ni hivyo hivyo, maana habari ya saa kumi sikuwahi kuiuliza. Niliamini kufikiri ni bure. Tena kuunganisha kulikuwa na taabu, ulipiga mara nne, mara tano, ndipo ukubaliwe. Nikiisha kuingia, niliogopa kutoka. Ningeweza kumpigia Waya kanisani Kehancha nikamuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini msomi huona haya.

Jumatatu barua ilifika nusu ukurasa. Jumanne niliifuta yote. Jumatano nilipata mwanzo mpya, wenye mvua na kumbukumbu na mto ambao hata sijui niliutoa wapi. Min Ouma alipita na karai kichwani.

"Owiti, mtoto wangu amejibu?"

"Bado, mama."

"Uliituma lakini?"

"Iko njiani," nikasema. Nilijiambia si uongo, kwa sababu ilikuwa njiani kuwa nzuri.

Alhamisi ilikuwa kurasa mbili. Ijumaa saa nane mchana niliisoma mara ya mwisho, nikatokwa na machozi kwa uzuri wake, nikabonyeza kutuma.

Kioo kikaniambia saa zetu za mwezi zimekwisha.

Nilibonyeza tena. Nikazima, nikawasha. Nikapiga simu kampuni, na dada mmoja akajibu kwa upole wa mtu anayekata kucha.

"Mmemaliza, kaka. Saa kumi zote."

"Lakini sijatuma kitu."

"Kutuma ni kwako. Sisi tunahesabu saa. Njoo ulipie, tunafunga saa kumi na moja."

Kiti chini yangu kilikuwa kama kimewekwa juu ya yale magugu. Hata hapo, mwanangu, sikusimama mara moja. Nilikaa nikifikiri kama niende, au nimngoje Waya, au nimwambie kwanza Min Ouma. Nilipofika barabarani, gari la Kisumu lilikuwa limeondoka. Nililopata lilifika mlango wa kampuni ukiwa umefungwa. Nililala kwa rafiki, na Jumamosi asubuhi, wenye ofisi walipofungua, nilikuwa nimesimama hapo. Nikalipa, nikatuma hapo hapo kwa kompyuta yao. Na unajua nilituma nini? Kurasa zangu zilibaki ndani ya kompyuta Homa Bay. Nilituma yale matatu ya Min Ouma, kwa sababu ndiyo pekee niliyoyakumbuka kwa moyo.

Jumatatu likaja jibu la mtu wa ofisi ile. *Ouma aliondoka Ijumaa jioni, siku moja kabla ya barua yenu. Hatujui ameelekea wapi. Wiki nzima alipita kila asubuhi kuuliza kama kuna barua yake.*

Waya alikuwa amesharudi, nami nilikuwa nimemweleza yote. Alilisoma akiwa amesimama, miwani mkononi. Nilingoja anigombeze kwa sababu ya saa zilizopotea, kwa sababu ya simu, kwa sababu ya majirani ambao barua zao zilikaa. Hakutaja hata moja.

"Nani alikuambia maneno ya Min Ouma yanaumwa, yanahitaji daktari?" akauliza.

Nikaanza kuzipanga barua za majirani.

"Nenda umwambie. Mwenyewe. Na uinakili kwenye karatasi hiyo barua yako, uende na hicho kitabu chako."

Nilimkuta akigeuza omena juani, juu ya wavu mkuukuu. Nilimwambia yote, bila kupamba, mara ya kwanza wiki ile. Hakuacha kugeuza samaki. Nilipomaliza alipangusa mikono.

"Nisomee."

"Mama, haina haja."

"Nisomee ulichomwandikia mtoto wangu."

Nikasoma kurasa zote mbili, mvua, mto, kumbukumbu. Alisikiliza mpaka nukta ya mwisho, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikia redio ya jirani.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Ni ya nani?"

Kisha akarudi kwenye samaki wake. Nimesemwa na wengi maishani, mwanangu, wakubwa wa kazi, mapadri, hata mahakimu. Sijawahi kusemwa kama siku ile.

Mwaka huo alipokwenda Muhuru Bay kuezeka, nilimfuata nikakata nyasi. Mwaka uliofuata pia, na uliofuata. Hatukuzungumza mengi. Aliniita nyathina, mtoto wangu, na mimi sikujua kama nilikuwa nimesamehewa au nimepewa adhabu. Sikuuliza. Nadhani vilikuwa kitu kimoja.

Mwaka wa nne Ouma alirudi. Alivuka mpaka wa Tanzania pale Isebania akiwa na mkoba mmoja, baada ya mfanyabiashara wa Sirare, ng'ambo ya mpaka, kumwambia kwamba mama yake bado yu hai na bado anamtaja. Macho ya Min Ouma yalikuwa yameanza kufifia. Alimjua kwa kikohozi chake uani, akamwambia akae ale. Miaka minne ile hakuna aliyeweza kuwarudishia. Alikuwa amemwacha mama mwenye nguvu za kubeba karai, akamkuta anayeshikwa mkono kwenda mlangoni. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilikwenda kumwona Ouma. Alinisogezea kigoda.

"Wewe ndiye ulikuwa unaandika kitabu?" akaniuliza.

"Ni mimi."

Akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Mimi nilitaka neno moja tu. Nilikuja asubuhi tano. Jibu halikuja, nikasema, basi, kimya nacho ni jibu. Nikalisoma hivyo."

Basi sikiliza, mwanangu, maana nimekuzungusha njia ndefu na wewe una kazi zako. Siku hizi wanapima kwa kile unachopakua, zamani walipima kwa saa, kesho watapata kipimo kingine. Jifunze kipimo cha kila mlango kabla hujauingia, na usipojua uliza, hata kama una vyeti vya kujaza ukuta. Mnapotumia kitu cha nyumba nzima, kumbuka kwamba ndani yake mna haja ya mtu mwingine ambayo huioni. Haya ni madogo. Kubwa ni hili: kufikiri si bure. Wakati wewe unachagua neno zuri, kuna mtu upande wa pili anayehesabu asubuhi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mara nyingi tumbo linaloumia si lako. Fikiri ukiwa umefunga laini. Ukiifungua, sema. Na ukipewa neno la mtu ulifikishe, lifikishe kama lilivyo, hata likiwa dogo, hata likiwa kavu. Usilivishe nguo zako.

Mungu akupe ulimi usiochelewa na moyo usioona haya kuuliza. Wanaokungoja akuwezeshe kuwafikia wakiwa bado wako mlangoni. Na siku utakapokuwa wewe ndiye uliye mbali, unauliza kama unaweza kurudi, nakuombea jibu lako lipewe mtu asiye na mawazo mengi.