Miezi Sita ya Tata

Daktari alisema maneno mengi siku ile, mimi nikabeba machache. "Huenda ni miezi sita," alisema, kisha akaeleza kwamba saratani ya ini haina ratiba, inaweza kuwa chini ya hapo, hata chini sana. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Nilipotoka pale nilikuwa na sita, basi.

Nilimpeleka Tata, baba yetu, nyumbani Ijumbi, dada yangu alikokuwa akimtunza, nikarudi Nshambya ninakoishi na kufundisha. Tulipoagana alinishika mkono, akaniambia kwa Kihaya nisichelewe kuja, tukatembee kibanja pamoja. Kwetu mrithi huonyeshwa shamba kwa miguu, mlamula kwa mlamula, ile mimea inayopandwa mpakani. Mipaka ningeweza kuulizia kwa majirani. Alichokuwa nacho moyoni Tata ni kaburi la mtoto wao wa kwanza, aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa, akazikwa katikati ya migomba bila alama. Mama alishafariki na kuzikwa kwao. Mahali pale alipajua Tata peke yake, na alitaka alazwe hapo, kando ya mwanawe.

Dada alimwomba amwonyeshe yeye. Alikataa. Alisema hilo ni la mrithi, naye anakuja.

Baada ya wiki tatu dada alinipigia. "Kaka, Tata amekonda sana." Nikatoa mwezi mmoja, nikabaki na mitano. Wiki iliyofuata akasema hali ndizi tena, anakunywa uji tu, na kidogo. Nikapunguza nusu mwezi, nikajiona mwana mwangalifu. Kila habari mbaya niliikata kipande kidogo kutoka kwenye ile sita; sikuwahi hata mara moja kuiweka sita kando na kumwangalia mgonjwa mwenyewe. Na mimi ni mwalimu wa hisabati. Mpumbavu mwenye chaki.

"Ungekuja Jumamosi hii," dada alisema.

"Nina mitihani ya kusahihisha. Likizo imekaribia, nitakaa naye mwezi mzima."

"Kaka, mimi ndiye ninayemwona."

"Daktari alisema sita."

Nilimwambia hivyo mtu aliyekuwa akimgeuza kitandani asubuhi na jioni. Hakubishana. Laiti angenitukana.

Tata alifariki Alhamisi asubuhi, siku tisa kabla ya likizo. Hata miezi miwili haikutimia.

Nilipofika Ijumbi wanaume wa kijiji walikuwa wamesimama kibanjani na majembe. Dada alinikumbatia, akaniambia kwamba Jumapili Tata aliomba ashikwe mikono atolewe nje. Alisimama mlangoni akiitazama migomba, dada akamsihi aonyeshe hata kwa kidole. Akasema, "Atakuja," akaomba arudishwe ndani. Dada alinisimulia hayo bila kunilaumu, na hapo ndipo nilipolia.

Mzee jirani yetu alinipa pole, akasubiri ninyamaze. Kisha akauliza, "Mwanangu, tuchimbe wapi?"

Niliingia kwenye migomba. Nilitafuta mwinuko wa udongo, jiwe, chochote. Nilifukua majani makavu kwa mguu, baadaye kwa mikono, na chini yake palikuwa na udongo uleule kila mahali. Mtoto yule angekuwa kaka yangu mkubwa, na huenda nilimkanyaga mara tatu bila kujua. Wale wanaume walinisubiri muda mrefu. Hakuna aliyeniharakisha.

Mwishowe nikasimama mahali, nikasema, "Hapa."

Mzee akaja, akapatazama, akanitazama na mimi. "Ndipo alipokuonyesha?"

Dada alikuwa nyuma yake, anasikia. Nikasema ndiyo, wakaanza kuchimba.